Daraja la Galaksi kwa Umeme wa Bunge

Mwaka ule wa mgao mkali wa umeme, kila mtu Dodoma mwenye kazi inayotegemea swichi alijua siri moja ambayo haikuwa siri: Bunge likikaa, laini inayopita karibu na majengo yake haikatwi. Sijui kama jambo hilo liliandikwa popote. Nilichojua ni kwamba steshenari ya dada yangu ilikuwa kwenye laini hiyo, na kwamba kikao cha bajeti kikiahirishwa, umeme nao utaahirishwa. Kwa hiyo nilihamishia kompyuta yangu kwenye stoo ya duka lake, nyuma ya maboksi ya karatasi, nikaanza kuwaombea wabunge wawe na maneno mengi.

Ndani ya kompyuta ile kulikuwa na shahada yangu ya udaktari, au uthibitisho kwamba sitaipata.

Nilikuwa nimerudi kutoka Ulaya kwa sababu ufadhili uliisha kabla ya kazi. Profesa wangu alikubali nimalizie nyumbani, nikawa namtumia kurasa kwa posta, na mambo ya haraka kwa faksi ya dada. Nilirudi na kompyuta niliyoiunga mwenyewe kwa vipande vya mitumba, na diski zilizojaa vipimo vya galaksi mbili jirani, zilizo mbali nasi kiasi kwamba nikijaribu kueleza umbali wake watu huniangalia kwa huruma.

Watu wengi wanadhani darubini ya redio inapiga picha kama kamera. Haipigi. Ni antena nyingi zilizotawanywa jangwani, na kila antena mbili zikiunganishwa zinakupa kipande kimoja cha habari za anga. Vipande vingine huvipati kamwe, maana huwezi kujaza antena jangwa zima. Unabaki na picha yenye matundu, na kuyaziba kwa hesabu ni kazi yako. Dada yangu nilimweleza kwa mambo ya dukani kwake. Mchwa wa kwetu hawana heshima kwa vyeti. Kila mara alikuja mtu na cheti cha shule kilichotafunwa katikati, anaomba atolewe kopi na herufi zilizoliwa zijazwe kidogo, hakuna atakayejua. Dada alitoa kopi, na tundu likabaki tundu. "Mimi natoa kopi, sijazi," aliwaambia, na wengine waliondoka wamenuna.

"Sasa wewe unajaza?" aliniuliza siku ile.

"Najaza. Lakini kwa kanuni."

Hakuonekana kuridhika, na mimi nilikasirika kuliko swali lilivyostahili.

Kanuni zenyewe zilikuwa mbili kubwa, na tasnifu yangu ilikuwa ya kuzilinganisha. Ya kwanza inadhani anga ni giza lenye nukta za mwanga. Inatafuta nukta kali kuliko zote, inaitoa pamoja na fujo iliyosababisha kwenye picha, inaiweka pembeni, kisha inarudi kutafuta nyingine, kama mtu anayechagua mchele. Ya pili inadhani anga limetulia. Kati ya picha zote zinazokubaliana na vipimo, inakupa ile iliyo shwari kuliko zote. Nilizipa majina ya utani: ya kwanza Mchaguaji, ya pili Msawazishaji.

Katika picha ya Msawazishaji, kati ya galaksi zile mbili palikuwa na daraja. Utepe mwembamba wa mwanga wa redio ulitoka huku ukafika kule, kana kwamba moja imemnyooshea mwenzake mkono. Katika picha ya Mchaguaji, mahali hapohapo palikuwa na nukta chache zisizoungana. Vipimo vilevile, anga lilelile. Profesa alilipenda daraja. Alisema Mchaguaji kwa tabia yake huvunjavunja kitu chochote kipana kuwa nukta, na hilo ni kweli kabisa. Alikuwa ameshawadokezea wenzake, na alipanga kulitangaza kwenye mkutano mkubwa wa wanaanga. Daraja likiwa la kweli, mimi ndiye niliyeliona kwanza, na tasnifu yangu imekwisha. Likiwa la uongo, sina tasnifu.

Nyumbani hawakungoja. Kule Chemba kwa mama nilikuwa daktari tayari. Nilipokwenda kusalimia, jirani aliniletea mtoto anayekohoa nimpime. Nikamvuta mama pembeni nikamweleza kwamba udaktari wangu ni wa mambo ya angani. "Mwangalie tu hivyohivyo," mama akasema, "si umesoma?" Nikamwangalia mtoto, nikawaambia wampeleke zahanati, na sifa zangu zikapanda.

Dada naye, bila kuniambia neno, aliunda kamati ya sherehe. Mwenyekiti alipatikana, na mweka hazina. Kisha, kwa kuwa alikuwa na mashine zake mwenyewe, alichapa kadi. Nililikuta boksi zima stooni nikitafuta pa kuweka mguu. Familia ina furaha kukualika katika sherehe ya kumpongeza Daktari, na maua pembeni. Damu ilinichemka.

"Dada, unachapa kadi za mtoto ambaye hajazaliwa!"

"Tarehe nimeacha wazi," alisema bila kuinua macho. "Karatasi nzuri ilikuwepo, nikaitumia. Wewe zaa tu."

Nilitoka nje nikasimama kwenye vumbi na upepo wa Juni, ule unaopenya sweta, mpaka hasira zikapungua. Hazikuwa hasira za kadi. Nilikuwa na wasiwasi na daraja.

Kilichonitia wasiwasi ni kwamba lilikuwa mahali pazuri mno. Kila galaksi ilikuwa na kitovu kikali katikati, na kitovu kikali huacha viduara kwenye picha, duara nje ya duara. Viduara vya galaksi ya kwanza vilikutana na vya galaksi ya pili kati yao, na daraja letu lilipita palepale vilipokutana. Msawazishaji hapendi kitu kikali. Akikutana nacho hukitandaza. Je, alikuwa ameona daraja, au alikuwa ametandaza fujo ya vitovu viwili akaiita shwari?

Shahidi wa namna hiyo anakamatwa kwa njia moja tu: unamdanganya wewe kwanza. Unatengeneza anga la uongo unalolijua lote kwa sababu umeliumba mwenyewe. Nikaweka galaksi mbili. Nikaweka vitovu vyake vikali. Kati yake sikuweka kitu, sifuri tupu, nilizoziandika kwa mkono wangu. Kisha nikalipitisha anga hilo katika antena zilezile, zenye matundu yaleyale, nikamkabidhi Msawazishaji bila kumwambia. Asipochora daraja, basi letu lina haki ya kuitwa daraja. Akilichora... Sentensi hiyo sikuimaliza hata kichwani mwangu.

Profesa sikumwambia. Ningemwambiaje? Kwetu mtu aliyekusomesha humwendei na tuhuma, unamwendea na jambo lililokwisha kuhakikiwa, tena ukiwa umeinamisha kichwa.

Shida ilikuwa muda. Kompyuta ilikuwa goigoi, na programu niliyoiandika haraka haraka haikujua kuhifadhi nusu ya kazi. Ikikatika, inaanza mwanzo. Betri ya akiba sikuwa nayo. Nilihesabu nikaona kwamba, Bunge likimaliza kwa ratiba yake, picha itatoka kwa nafasi nzuri tu. Nikawasha, nikakaa kwenye boksi la karatasi, nikashika tama.

Sikuwa nimehesabu mashine ya fotokopi. Ile mashine ilikuwa kubwa na kongwe, na kila ilipoanza kazi taa ya stooni ilififia na feni ya kompyuta ikashusha sauti. Kisha taa ikarudi, na mimi nikarudi kuhema. Siku ya kawaida hilo lilivumilika. Siku za bajeti duka halikuwa na pumzi: makatibu, makarani, wanafunzi wanaotafuta hotuba, watu wa vyama vya ushirika wenye malalamiko yao. Mchana mmoja akaingia dereva wa mheshimiwa fulani na hotuba nene, anataka kopi za kutosha kugawa.

"Shikamoo mama," alimwamkia dada. "Mheshimiwa anasimama jioni hii hii."

Nikatoka stooni. "Dada, nakuomba. Mpeleke kwa jirani."

"Kwa jirani hakuna umeme, yeye yuko laini nyingine."

"Mashine hiyo ikikata fyuzi, kazi yangu yote inaanza mwanzo. Na Bunge linaisha!"

"Na mimi nimsubirishe mheshimiwa kwa ajili ya nyota?"

"Si nyota. Ni galaksi."

Dereva alitutazama mmoja mmoja, akaamua kutazama kalenda ukutani. Dada aliangalia mashine, kisha mlango wa stoo. Namfahamu dada yangu; alikuwa anapima. Duka ndilo lililomlisha, ndilo lililonipa mimi sabuni na nauli nilipokuwa shule, na wateja wa Bunge ndio waliolibeba mwaka mzima. Akaichukua hotuba, akaanza kutoa kopi ukurasa mmoja mmoja. Alibonyeza, akangoja mashine ipoe, akageuka kunitazama nilivyosimama mlangoni mwa stoo, nikaitika kwa kichwa, akabonyeza tena. Taa ilififia, feni ikashuka, ikapanda. Ukurasa baada ya ukurasa, roho mkononi, na dereva anaangalia saa yake na sisi tunaangaliana kama watu wanaobeba kitu cha kioo. Ukurasa wa mwisho ukatoka. Dada alifuta jasho kwa khanga, akamwambia dereva, "Mashine inaumwa, ndiyo maana." Dereva akatoa pole.

Siku iliyofuata ikaja faksi. Profesa hakuwa mtu wa maneno mengi, lakini safari hii aliandika kwa furaha. Kijitabu cha mkutano kinakwenda mtamboni, nimtumie picha ya mwisho ya daraja mara moja. Na jina langu amelitanguliza mbele ya lake.

Niliisoma nikiwa nimesimama, nikaisoma tena. Nililitaka jina lile mbele. Nililitaka sana. Picha ya daraja nilikuwa nayo, imechapwa, nzuri, iko kwenye bahasha. Ingetosha kuitia kwenye mashine na kubonyeza. Hakuna mtu duniani aliyejua kuhusu lile anga la uongo ila mimi, na dada ambaye alijua tu kwamba kuna hesabu isiyotakiwa kukatika.

"Amesema nini?" dada aliuliza.

"Anataka picha."

"Si unayo?"

"Ninayo."

"Sasa?"

"Nangoja nyingine."

Akanitazama jicho la pembe, akaendelea kupanga karatasi zake. Kwenye rafu redio ilikuwa inatangaza Bunge moja kwa moja, kama ilivyokuwa kila siku, na hapo ndipo niliposikia kwamba mjadala umekwenda haraka na hoja ya kuahirisha itasomwa kesho yake mchana, mapema kuliko ratiba. Wiki nzima wale watu walizungumza mpaka wakasinzia, na siku niliyowahitaji wakawa wenye maneno machache! Niliwatukana kimoyomoyo, wote, wa upande wowote.

Kesho yake sikuweza kula. Dada alileta chapati na chai ya rangi, vikapoa juu ya boksi la kadi. Redio iliposema mtoa hoja amesimama, Msawazishaji alikuwa bado anasawazisha. Aliposhukuru maofisa na makatibu, bado. Aliposhukuru wenyeji wa Dodoma kwa ukarimu, namba kwenye kioo zilisimama, na picha ikaanza kujichora.

Ilijichora kutoka juu kushuka, mstari mmoja mmoja. Kwanza giza. Kisha ukingo wa galaksi ya juu, halafu kitovu chake, kikali, mahali pake pale pale nilipokiweka. Redioni wakaanza wimbo wa taifa, na dada akasimama wima kule mbele, mikono ubavuni, kama alivyozoea. Nami nilikuwa nimesimama, lakini si kwa wimbo. Kitovu kikapita. Ukingo wa chini wa galaksi ukapita. Sasa ilikuwa zamu ya mahali ambapo sikuweka kitu.

Mstari wa kwanza ulikuwa na mwanga hafifu. Nikasema ni ukingo bado. Wa pili ulikuwa nao. Wa tatu pia. Ukashuka utepe mwembamba, umenyooka, mzuri, mpaka ukagusa galaksi ya chini, na daraja likawa limekamilika.

Sikulia. Nilihisi baridi tu, kuanzia mikononi. Lilikuwa lilelile. Ningeitoa picha ya profesa kwenye bahasha na kuiweka pembeni yake, usingejua ipi ya mbinguni na ipi ya stooni kwa dada. Msawazishaji alikuwa shahidi anayesema ndiyo kwa kila swali.

Wimbo ulipokwisha dada alichungulia mlangoni. Akaona kioo. Macho yakamtoka.

"Si ndilo hilo? Si ndilo daraja lenyewe?"

Kabla sijafungua mdomo alipiga vigelegele, vile vya harusini, mpaka mteja aliyekuwa kaunta akaja kuuliza kuna nini, naye akapeana mkono na mimi, hongera sana. Dada alinikumbatia. Alikuwa ananuka wino na karafuu, na alikuwa anatetemeka kwa furaha, maana wasiwasi wangu wote wa siku zile alikuwa ameubeba bila kujua uzito wake. Hapo ndipo machozi yalinitoka, na yeye akadhani ni yale anayoyajua.

"Dada," nilisema. "Hapo katikati sikuweka kitu."

"Hukuweka nini?"

"Hili si anga. Nililitengeneza mimi. Hapo katikati niliacha wazi makusudi, nione kama kanuni itajaza."

Aliniachia. Akakitazama kioo tena, muda mrefu. Mteja akaona mambo yamegeuka, akarudi kaunta.

"Kwa hiyo hata lile la kwanza," alisema polepole, "ni la mchwa."

"Siwezi kusema halipo. Lakini siwezi tena kusema lipo."

"Na huyo profesa anangoja."

"Anangoja."

"Na shahada?"

Nje magari ya waheshimiwa yalikuwa yameanza kupiga honi kuelekea barabara kuu, na tulijua wote wawili maana yake. Nikachapa picha mbili, ya anga la kweli na ya lile la uongo, nikaandika chini yake kwa mkono sentensi chache zenye heshima zote nilizofundishwa. Dada aliwasha faksi mwenyewe, akapiga namba. Kidole chake kilisimama juu ya kitufe.

"Una hakika?"

"Sina hakika na kitu kingine chochote."

Akabonyeza. Karatasi zikaingia, zikatoka upande wa pili, mashine ikalia kuonyesha zimefika. Kabla jua halijashuka, umeme ulikatika.

Siku zilizofuata zilikuwa mbaya kuliko zote. Faksi ilikuwa kimya, na sikujua kama aliyenyamaza ni profesa au ni umeme. Nilikuwa mkali kwa kila mtu. Nilimgombeza mwuza maji kwa kugonga mlango. Mama alituma salamu kutoka Chemba akiuliza ng'ombe achinjwe lini, na dada akajibu kwamba tutamjulisha.

Umeme uliporudi, ulirudi mchana tukiwa tumekaa barazani. Taa iliwaka, redio ikaunguruma, na faksi ikaanza kuvuta karatasi. Dada alifika kwanza. Alisoma kwa sauti, akitafsiri kadiri anavyosoma.

"Daraja nimeliondoa kwenye mada yangu. Umefanya kilichopaswa kufanywa, na sikukipenda." Akasogeza karatasi kwenye mwanga. "Anza tasnifu upya. Anzia kwenye anga la uongo."

"Basi," nilisema.

"Kuanza upya ni kuanzia wapi?"

"Mwanzo, dada."

Alikunja ile karatasi vizuri, akaiweka kaunta. Mimi niliingia stooni, nikalibeba boksi la kadi mpaka kwenye mashine ya kukatia karatasi. Dada alikuwa na kawaida ya kukata karatasi zilizoharibika kuwa vipande vya risiti, na zile zilikuwa karatasi nzuri. Nikapanga fungu la kwanza, nikanyanyua kisu.

Mkono wake ukaja ukatua juu ya kadi, chini ya kisu.

"Toa mkono," nilisema.

"Sitoi. Soma."

"Naijua ilivyoandikwa."

"Soma chini."

Chini kulikuwa na neno tarehe, na baada yake nukta nyingi hadi ukingoni.

"Pameandikwaje?"

"Hapajaandikwa."

"Na mimi sijazi," dada alisema. "Kwa hiyo usinikatie karatasi zangu."

Nikateremsha kisu pembeni, taratibu. Akalirudisha boksi stooni yeye mwenyewe, akalipandisha rafu ya juu ambako mchwa hawafiki, akanipisha mlangoni. Umeme ulikuwepo bado, nikawasha kompyuta.